Kengele inalia, kosa halionekani: kutafuta chanzo kwenye vifaa vya kufuatilia dereva, Iringa hadi Tunduma

Malalamiko mengi yanayofika kwa mafundi umeme wa magari pale Uyole na Mbalizi kuhusu vifaa vya kufuatilia madereva hayahusu waya uliokatika. Kifaa ni kizima, kinafanya kazi yake, ila kimepangwa kwa sheria ya nchi nyingine. Lori limekuja kutoka Uingereza na mipangilio ya huko, likafungwa kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani, leo linapanda Kitonga chini ya sheria zetu na keshokutwa liko Nakonde, Zambia. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, jiulize: kengele hii inapima sheria ya nani?

Jua pia ni kifaa kipi kinacholia, maana gari moja linaweza kubeba vinne au vitano. Basi la mikoani lina mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwenendo, wenye kitufe cha utambuzi wa dereva. Lori lina kifaa cha GPS cha tajiri, yaani mwenye gari, pengine spidi gavana inayozuia gari lisipite mwendo uliowekwa, pengine kamera inayomtazama dereva usoni. Lori la Ulaya lina na tachografu, mashine inayoandika mwendo na saa za dereva, pale juu ya kioo au kwenye dashibodi. Mzigo wa kwenda nchi jirani nao una lakiri ya kielektroniki ya TRA, ambayo haina habari na dereva kabisa: inalinda mzigo. Nimeona watu wakihangaika na waya za GPS kumbe kilichoripotiwa ni lori kuacha njia iliyopangiwa mzigo.

Kengele ya mwendo inalia, spidimita inasoma chini ya 80

Sheria ya Usalama Barabarani inaweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa malori na mabasi yanayozidi kilo 3,500, na kilomita 50 kwa kila gari ndani ya makazi. Dereva akizoea themanini anaisahau hamsini. Ukitoka Igawa kuja Mbeya mjini, makazi yanafuatana: Chimala, Igurusi, Inyala, Uyole. Kama mwenye mfumo ameweka mipaka ya maeneo kwenye ramani, kifaa kitalia ukiwa 62 pale Igurusi, na kitakuwa na haki.

Basi tazama kwanza mahali inapolia. Ikilia sehemu zilezile kila safari, chanzo ni mpaka wa kwenye ramani. Mpaka wenyewe huweza kuchorwa vibaya, ukaanza kabla ya kibao au ukaendelea wakati nyumba zimeshaisha. Hilo fundi wa gari halitibu. Anayelitibu ni mwenye mfumo, na ili alitibu lazima umpelekee jina la mahali, upande uliokuwa unaelekea na saa. "Kinalia ovyo tu" hakimsaidii mtu.

Ikilia popote, hata kwenye tambarare ya Usangu ambako hakuna nyumba wala kibao, angalia matairi. Spidimita haijui mwendo wa gari. Inajua mizunguko ya gia na inakisia mwendo kwa ukubwa wa tairi iliyoelezwa kiwandani. Gari lililotoka na 295/80R22.5, likavishwa 315/80R22.5 kwa sababu ndizo zilizopatikana, limeongezewa kimo cha tairi kwa asilimia 3 hivi. Spidimita ikisoma 80, gari linakwenda zaidi ya 82. Kifaa cha GPS kinachukua mwendo kutoka kwenye satelaiti na hakijali umevaa tairi gani. Hapo anayesema kweli ni kifaa. Mabadiliko ya difu (gia za ekseli ya nyuma) yanaleta tatizo hilihili, tena kubwa zaidi.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta sehemu iliyonyooka, shika mwendo mmoja kama dakika moja, utingo asome mwendo kwenye simu yenye programu ya GPS. Simu na kifaa vikikubaliana, spidimita ndiyo mwongo. Spidimita na simu vikikubaliana, kifaa kinapata hesabu yake kutoka kwenye sensa ya gia na hakijapimwa upya tangu kifungwe. Dereva asisome simu yeye mwenyewe. Kuna kamera inayosubiri kosa hilohilo.

Gavana ipo, ripoti inasema gari lilifika 94

Hapa ndipo tajiri na dereva hugombana, na mara nyingi wote wanaongea kitu cha kweli. Gavana hukata mafuta. Haikanyagi breki. Ukishuka Kitonga, Senjele au Mlima Nyoka na mzigo mzito, injini inaweza isipewe hata tone la dizeli na gari likaendelea kuongeza mwendo, kwa sababu linavutwa na uzito wake. Gavana nzima kabisa itakuacha upite 80 kwenye mteremko. Kinachokushika pale ni gia nzito iliyochaguliwa kabla ya kuanza kushuka, breki ya egzosti, na ritada (breki ya ziada isiyotumia breki za magurudumu) kama gari linayo.

Ukitaka kujua dereva alifanya nini, usiishie kwenye mwendo, soma na mizunguko ya injini kama kifaa kinachukua taarifa kutoka kwenye kompyuta ya gari. Mwendo 94 na mizunguko 2,000: alikuwa ndani ya gia, ameteremka na gia nyepesi mno. Mwendo 94 na mizunguko 600: gari lilikuwa nyutro, dereva anabana mafuta kwenye mteremko. Huo ni mchezo wa kuua, na hakuna haja ya kutafuta ubovu wa kifaa.

Kama gari linapita 80 hata kwenye tambarare, chanzo cha kawaida ni Ulaya. Malori ya Umoja wa Ulaya na ya Uingereza hufungwa ukomo wa kilomita 90 kwa saa, mabasi 100. Sheria yetu inasema 80, na Kenya pia ni 80 kwa magari ya biashara. Lori lililoshushwa bandarini Dar es Salaam na ukomo wake wa 90 litaendelea kuutii ukomo huo hadi mtu mwenye kompyuta ya kiwanda aubadilishe. Kanyaga mafuta hadi mwisho kwenye sehemu tambarare na salama: likigoma kwenye 89 au 90 na kubaki hapo, gavana haijafa, inatii sheria za kwao. Usifunge gavana ya pili juu yake. Mbili zikigombania mafuta, gari linashtuka-shtuka kwenye kupanda, na utatafuta ubovu wa pampu usiokuwepo.

"Dereva hajatambulika"

Kwenye mabasi hili ndilo linaloleta usumbufu kuliko yote, ingawa tiba yake huwa ndogo. Kitufe cha utambuzi ni kidonge cha chuma kisicho na betri. Ndani kina namba isiyofanana na ya kitufe kingine, na kinasomwa kwa kugusana tu. Kwa hiyo kinachokiua kwanza ni uchafu. Vumbi la masika yakikauka, mafuta ya mikononi, kutu kwenye kikombe cha kusomea. Futa sehemu zote mbili kwa kitambaa kikavu, bonyeza sawasawa, shikilia hadi mlio au taa ibadilike. Madereva wengi wanagusa na kuondoa kama wanaopiga kengele ya mlango.

Ikikataa, jaribu kitufe cha dereva wa pili. Chake kikisomwa, tatizo liko kwenye kitufe chako au usajili wako. Chake nacho kikikataa, fuata waya za kikombe, hasa pale zinapopita chini ya usukani na kusuguliwa na miguu.

Halafu kuna tatizo la kubadilishana. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo hata basi lingekwenda 80 bila kusimama popote lingetumia saa 10 na ushee. Safari inayozidi saa 8 inahitaji madereva wawili, na kila mmoja ana kitufe chake. Mkikabidhiana usukani pale Makambako halafu wa pili akaanza bila kubonyeza chake, mfumo unaendelea kumhesabia wa kwanza. Atafika Mbeya akiwa ameendesha peke yake kutwa nzima, kwenye karatasi. Kumwachia mwenzako kitufe chako "kwa sababu chake kinasumbua" ni kumwachia aandike makosa kwa jina lako.

Kamera inasema unasinzia, na hujasinzia

Kamera hizi hazisomi mawazo. Nyingi hupima ni sehemu gani ya muda kope zimefunika jicho kwa asilimia 80 au zaidi. Zinatumia mwanga wa infraredi ambao jicho la mtu halioni, ndiyo maana giza haliziangushi. Zinaangushwa na vitu vingine.

Asubuhi unatoka Mbeya kuelekea Makambako, jua linakuja usoni. Dereva anakunja macho. Kwa kamera, macho yaliyokunjwa dakika nzima ni macho yanayofunga. Ikilia alfajiri upande huo na jioni upande wa kurudi, halafu mchana ikanyamaza, umepata jibu: shusha kizuia jua. Miwani yenye kioo kinachong'aa inaweza kuzuia infraredi kabisa, na kamera itaripoti kwamba dereva haonekani. Fungua picha ya kamera kwenye simu ya fundi ukiwa umevaa miwani. Ukiyaona macho, miwani haina kosa.

Baridi ya Mafinga na Makambako mwezi Juni na Julai ina matatizo yake. Dereva amejifunga skafu hadi puani na kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Kilichobaki hakitoshi kutambulika kama uso. Lenzi nayo inashika mvuke pale hita inapowashwa ghafla. Ukungu wa nje kule Mufindi au njia ya Tukuyu hauisumbui kamera ya ndani, ila unaisumbua ile inayotazama barabara, ambayo itapoteza mistari na kuanza kupiga kelele au kunyamaza kabisa.

Ikiripoti simu au sigara, uliza dereva alikuwa anakula nini. Hindi la kuchoma lililonunuliwa dirishani, mkono unapanda mdomoni kila mara: kwa kamera hiyo ni sigara. Hakuna fundi wa kulirekebisha hilo, na kusema kweli kula hindi kwenye mteremko nako si jambo la kutetea.

Kosa la kufunga hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kamera imewekwa pembeni mno au chini mno, halafu dereva mrefu akirudisha kiti nyuma anatoka kwenye picha. Gari likiwa na madereva wawili wa vimo tofauti, ipangwe kwa wote wawili, wakiwa wamekaa kama wanavyokaa barabarani.

Kuna dalili ya kinyume inayonitia wasiwasi zaidi: kifaa ambacho hakilii kamwe. Umoja wa Ulaya uliamuru onyo la uchovu kwenye aina mpya za magari kuanzia Julai 2022, na kwenye kila gari jipya kuanzia Julai 2024. Mifumo hiyo inatakiwa kufanya kazi mwendo unapozidi kilomita 70 kwa saa, kwa sababu ilifikiriwa kwa barabara zao kuu zilizonyooka. Mingine husoma mikono ya dereva kwenye usukani badala ya macho. Sasa lichukue lori hilo upande nalo Kitonga usiku wa manane, mwendo 20. Dereva anaweza kusinzia kuanzia chini hadi juu na gari lisiseme neno. Tajiri anayeringia teknolojia ya gari lake jipya ajue kwamba nusu ya njia yetu ya milimani iko chini ya mwendo ambao onyo hilo linaamka.

Na kwa kuwa ni sura ya mtu inayorekodiwa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu tajiri pia. Dereva ana haki ya kuelezwa kinachukuliwa nini na kwa ajili gani. Kamera iliyofichwa italeta ugomvi ambao fundi hawezi kuusuluhisha.

Ripoti haikubaliani na saa

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Wewe kijana, uliniaga saa moja asubuhi unatoka Mbeya. Mbona ripoti inaonyesha saa kumi na mbili ulishapita Vwawa?"

"Vwawa nimepita saa tatu bosi, hata risiti ya mafuta ninayo."

Satelaiti hazitumii saa ya Afrika Mashariki. Zinatoa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Mfumo usipopangwa, saa 3 asubuhi inaandikwa 06:00. Bosi anasoma saa 12 asubuhi, na mwingine ofisini akiona 06 anasoma saa sita. Mtu mmoja, safari moja, saa tatu tofauti. Ukiona ripoti nzima imesogea kwa saa 3 kamili, usiguse kifaa; badilisha mpangilio wa saa kwenye akaunti.

Ikisogea saa 1, umeshavuka mpaka. Zambia na Malawi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na Lubumbashi pia. Kuna mifumo inayofuata saa ya mtandao wa simu: unatoka Tunduma saa 8:10 mchana, unafika Nakonde saa 7:25. Programu inayojumlisha saa za kazi inachanganyikiwa, inafuta muda au inaongeza mapumziko ambayo hayakuwepo. Ushauri wangu ni kufunga mfumo kwenye saa ya Tanzania safari nzima, kisha dereva ajue kutoa moja anapokuwa ng'ambo.

Kujua huko kuna faida ya moja kwa moja kwa mabasi. Kwetu, tangu Oktoba 2023, mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24. Zambia kanuni ya 2016 ilizuia magari ya abiria kutembea kati ya 21:00 na 05:00, kwa saa ya kwao. Kwa saa iliyoko mkononi mwa dereva aliyetoka Mbeya, hiyo ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kifaa kilichopangwa kwa ruhusa ya Tanzania hakitakuonya lolote ukiwa upande wa pili.

Ukivuka Tunduma, gari linapotea

Laini ya simu iliyomo ndani ya kifaa haijaruhusiwa kutumia mitandao ya nje. Karibu kila mara ni hilo. Vifaa vizuri huhifadhi taarifa na kuzimwaga zote mtandao ukirudi. Subiri lori lirudi, uone kama historia inajazika. Ikijazika, lipia huduma ya nje. Isipojazika, kumbukumbu ya kifaa ni ndogo au imezimwa. Ukiendelea hadi Kasumbalesa na kuingia Kongo, kumbuka huko wanaendesha kulia: kamera ya barabara iliyopangwa kwa upande wa kushoto inaweza kutoa maonyo yasiyo na maana, na taa zako za mbele zilizoelekezwa kushoto zitawapiga machoni wanaokuja.

Saa za kuendesha ni nyingi kuliko dereva alizoendesha

Foleni ya mpakani. Lori linasogea urefu wa gari moja, linasimama, linasogea tena. Vifaa vya bei nafuu huhesabu kazi kwa swichi kuwa imewashwa. Dereva aliyeacha injini inaunguruma apate joto anaonekana ameendesha usiku kucha. Vifaa vya Marekani huanza kuhesabu uendeshaji gari likifika takribani kilomita 8 kwa saa, na sheria yao inaruhusu saa 11 za kuendesha ndani ya kipindi cha saa 14. Tachografu ya Ulaya inaamua dakika kwa dakika, na ukomo wao ni saa 9 kwa siku, zinazoweza kufika 10 mara mbili kwa wiki, na mapumziko ya dakika 45 baada ya saa nne na nusu. Safari moja, majibu matatu. Kipange kifaa kihesabu pale swichi na mwendo vinapokutana, halafu mkubaliane kwa maandishi ukomo wa kampuni.

Ile kengele ya saa nne na nusu kwenye malori ya Ulaya, ukitoka Iringa na mzigo, hulia mahali kati ya Igawa na Chimala. Madereva huomba izimwe. Mimi ningeiacha.

Na usiing'oe tachografu kwa sababu inaandika kwamba kadi haipo au muda wa ukaguzi umepita. Ukaguzi huo wa kila miaka miwili ni wa kwao. Ila kwenye malori mengi ishara ya mwendo hupitia humo kabla ya kufika kwenye spidimita na kompyuta ya injini. Ukiitoa, spidimita inalala na gari linaweza kupunguza nguvu.

Gari limeruka kwenye ramani, au lilifika 140

Kwenye kona za Kitonga mawimbi hugonga mwamba kabla ya kufika kwenye antena. Fungua nukta moja moja. Mwendo wa kweli una nukta zinazopanda na kushuka kwa mfululizo. Nukta moja ya 140 iliyokaa kati ya 31 na 33 ni uongo wa mawimbi, ifutwe. Ikitokea kila mahali, antena imefunikwa na bati au imefungwa ikitazama chini.

Kila asubuhi ripoti inasema umeme umekatwa

Betri imechoka. Asubuhi ya baridi Makete au Mafinga, ukipiga stata umeme unashuka, kifaa kinazima na kuwaka upya, na mfumo unaandika kwamba kimechezewa. Linganisha saa ya tukio na saa ya kuwasha gari. Zikifanana, pima betri na kaza eathi kabla ya kumtuhumu dereva. Ikikatika katikati ya safari, kwenye mashimo, tafuta fyuzi iliyolegea. Ikikatika gari limeegeshwa Tunduma usiku na tanki la dizeli limeshuka asubuhi, hilo si la fundi umeme.